Aliyerudi Asikilizwe

Sheria iliyoiasisi Peace Corps, ile jumuiya ya Wamarekani wa kujitolea ambayo Rais John Kennedy aliianzisha kwa amri yake Machi 1961 na Bunge la nchi hiyo likaithibitisha Septemba ya mwaka ule ule, ilitaja makusudio matatu: kuzipatia nchi zenye haja watu wenye ujuzi, kuwawezesha wenyeji wa nchi hizo kuwafahamu Wamarekani vizuri zaidi, na la tatu, ambalo aghalabu husahauliwa na wanaoisifu jumuiya hiyo na wanaoilaumu vilevile, kuwawezesha Wamarekani wenyewe kuwafahamu vizuri zaidi watu wa mataifa mengine. Mwenye kulitafakari kusudio hili la tatu ataona kwamba haliwezi kutimizwa Njombe wala Lindi, wala mahali pengine popote alipopelekwa kijana wa jumuiya hiyo kufundisha hisabati. Litatimizwa kwao, baada ya safari kwisha, sebuleni kwa mama yake, kanisani, kazini na katika mikutano ya mtaa wake. Watunga sheria wale waliyahesabu marejeo kuwa ni sehemu ya kazi yenyewe, na kwa hilo nawapa heko. Ninalodai mimi ni kwamba sehemu hiyo, kwa Wamarekani na kwetu sisi pia, haijapata kufanywa ipasavyo, na kwamba lawama si ya aliyesafiri bali ya waliobaki nyumbani.

Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa kuwapokea vijana hao. Wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia waliokwisha kupewa mafunzo El Paso, katika jimbo la Texas, walifika kabla bendera ya Uhuru haijapandishwa Desemba 1961, wakaja kusaidia kazi ya barabara. Shughuli za jumuiya hiyo zilisimama mwaka 1969, zikarejea 1979, na baadaye walimu wa fizikia na kemia wenye majina magumu na Kiswahili chepesi wamekuwa watu wa kawaida katika shule nyingi za sekondari za bara. Muhula wao ni miezi 27, na mitatu ya mwanzo ni ya mafunzo, ambayo huipitisha katika nyumba ya wenyeji wanaowafundisha kupiga hodi na kungoja kuitikiwa, kunawa kabla ya kula, na kumwamkia mzee shikamoo bila kusita. Hata muhula unapokwisha, kijana aliyekuja mgeni huwa amelelewa mara ya pili, na mwanakijiji mwenye ufahamu hulijua hilo kuliko yeye mwenyewe. Huagwa kwa heshima. Wanafunzi huimba, akina mama humfunga kitenge, mkuu wa shule hutoa hotuba iliyozidi urefu wake wa haki, na basi la alfajiri linapoondoka sisi huku hudhani habari yake imekwisha, ilhali sehemu iliyo ngumu kuliko zote bado iko mbele yake.

Insafu yataka tukiri kwamba taifa lile halikumwacha mtumishi wake mikono mitupu. Tangu mwanzo aliwekewa kiinua mgongo cha dola 75 kwa kila mwezi aliotumikia, na siku hizi amalizaye muhula hupokea jumla inayopita dola 10,000. Mwaka 1963 Kennedy alitoa amri kwamba aliyerudi aweza kuajiriwa katika idara za serikali kuu bila kushindanishwa na umma kwa utaratibu wa kawaida, na haki hiyo, ambayo kwa desturi hudumu mwaka mmoja, ingali inatumika mpaka leo. Vyuo vikuu kadhaa huwapunguzia ada. Wenyewe wana chama chao cha kitaifa tangu 1979, na wale wa Madison, katika jimbo la Wisconsin, hutoa kila mwaka kalenda yenye picha za nchi walizozitumikia, na mapato yake huyagawa kwa miradi ya maendeleo. Haya yote ni mema, na serikali zetu za Afrika ya Mashariki hazijafika hata robo yake. Lakini fedha na ajira hutolewa kwa amri ya rais. Masikio ya watu hayana amri hiyo.

Nimefahamiana na kadhaa katika walimu hao, na barua zao za miezi ya kwanza baada ya kurudi kwao hufanana kwa jambo moja: huuliza habari za huku nyingi kuliko zinavyotoa habari za huko. Je, mvua imenyesha? Kidato cha Nne wamefaulu wangapi? Yule bibi aliyekuwa akiuza maandazi karibu na lango la shule, mguu wake umepona? Mtu asiyejua ataona ni hamu tu ya mahali palipokwisha kuzoeleka. Mimi naona zaidi ya hamu, kwa maana katika barua hizo hizo huja, kwa maneno mbalimbali, malalamiko yale yale, kwamba huko alikorudi kila mtu humuuliza Afrika ilikuwaje, na humuuliza kwa namna watu wanavyoulizana habari za hali ya hewa, kwa jamala tupu, akingoja neno moja au mawili kisha mazungumzo yahamie kwenye bei za nyumba. Mwenye habari za miaka miwili hujibu kwamba ilikuwa nzuri, akanyamaza. Kuna kile kisa kingine cha mtu aliyesimama katika duka kubwa mbele ya rafu nzima ya nafaka za kifungua kinywa, akatokwa na machozi kwa wingi wa aina zake. Kimesimuliwa mno hata kimechakaa, na nashuku kwamba kinapendwa kwa sababu kinawachekesha wasikilizaji pasipo kuwadai kitu. Lililo zito ni kwamba mtu huyu alikuwa Mwalimu, akiamkiwa njiani na wakubwa na wadogo, akiketi msibani pamoja na wafiwa, akijua ni mtoto gani ameshindwa kuja shule kwa sababu ya ada na ni yupi kwa sababu ya mavuno. Sasa yumo katika mji ambao hamna anayemwamkia, na maarifa yale yote yamelala ndani yake kama mzigo uliosahauliwa ghalani, si kwa kuwa hayana thamani, bali kwa kuwa hakuna aliyeyaulizia.

Alfred Schutz, mwanafalsafa wa mambo ya jamii, Mwaustria aliyekimbia utawala wa Wanazi akaenda kufundisha New York, aliandika mwaka 1945 insha juu ya mtu arudiye kwao, akiwafikiria hasa askari waliokuwa wakirejea kutoka vitani. Alieleza kwamba mgeni aingiaye nchi ya watu hutazamia kukuta mambo asiyoyajua, na kwa hiyo huuliza na kujifunza. Lakini arudiye kwao hudhani anakuja kwenye mambo anayoyajua, na jamaa zake nao hudhani wamjua, kumbe pande zote mbili zimebadilika wakati kila upande ukiuhifadhi mwenzake moyoni kwa sura ile ya zamani. Miaka kumi na minane baadaye, John na Jeanne Gullahorn, wataalamu wawili wa Marekani, wakaonyesha kwamba moyo wa msafiri huporomoka mara mbili, mara ya kwanza ugenini na mara ya pili nyumbani. Yao yamenukuliwa zaidi, pengine kwa sababu huchorwa kirahisi ubaoni. Mimi namshukuru zaidi Schutz kwa hoja aliyoifungia insha yake: kwamba juhudi nyingi zilikuwa zikifanywa kumtayarisha askari kwa marejeo, na kwamba ilikuwa lazima vilevile kuwatayarisha watu wa nyumbani. Zaidi ya miaka themanini imepita sasa, na taasisi nyingi zinazopeleka watu ughaibuni bado humpa arudiye semina na kijitabu, wala hazimpelekei mama yake kijitabu.

Mfano mchungu kuliko yote ni wa Machi 2020. Kwa sababu ya UVIKO-19, Peace Corps iliwaondoa watumishi wake wote duniani kwa mara ya kwanza katika historia yake, watu wapatao 7,000 kutoka nchi zaidi ya 60, Tanzania ikiwamo. Ilikuwa kazi ya siku chache. Walimu wengi waliondoka bila ya kuaga darasa, wakaacha vitabu vya wanafunzi mezani bila kusahihishwa. Na walikofika, watu walikuwa wamejifungia majumbani kwa hofu, na wao wenyewe wakatakiwa kujitenga kwa majuma mawili. Utumishi wao ukahesabiwa kuwa umekwisha. Hawa hawakupata kuagwa wala kupokewa, na ingawa sikatai kwamba hatari ilikuwa ya kweli na uamuzi ulikuwa na sababu, naona kwamba msiba wao umefikiriwa kidogo mno, maana katika hesabu ya maafa ya mwaka ule nani angekuwa na nafasi ya kumhurumia kijana aliyekuwa mzima wa afya, mwenye pa kulala kwa wazazi wake? Makundi ya kwanza hayakupelekwa tena nje hata Machi 2022.

Kabla ya hapo, Oktoba 2014, muuguzi Kaci Hickox alitua katika uwanja wa ndege wa Newark akitoka Sierra Leone, ambako alikuwa akiwauguza wagonjwa wa Ebola pamoja na Médecins Sans Frontières. Hakuwa mgonjwa, na vipimo vilithibitisha kwamba hana virusi. Hata hivyo wakuu wa jimbo la New Jersey walimtenga kwa siku kadhaa katika hema lililopigwa ndani ya hospitali, na aliporudi kwao Maine jimbo hilo nalo likataka kumfungia ndani mpaka siku 21 zitimie, likazuiwa na hakimu aliyeona kwamba yatosha muuguzi afuatiliwe hali yake. Tuyaache mabishano ya sheria kwa wanasheria. Linalonihusu ni kwamba huyu alikuwa miongoni mwa watu wachache mno katika nchi ile walioiona Ebola kwa macho yao, wakajua inavyoambukiza na isivyoambukiza. Taifa zima lilikuwa likitetemeka kwa ujinga, na mwenye elimu alipowasili, wa kwanza kumkabili walikuwa walinzi na vipimajoto. Aliwaandikia watu gazetini kueleza yaliyompata. Ingalikuwa busara zaidi kumwita mbele ya wananchi akaeleza aliyoyajua.

Na wasiosikilizwa kwa upole husema kwa namna nyingine. Machi 1965 serikali ya Marekani iliwaita Washington waliorejea, wakaja wapatao elfu moja, wakazungumza na wakubwa kwa siku tatu juu ya namna ya kulitumikia taifa lao; lilikuwa jambo jema ambalo halikufanywa kuwa desturi. Mei 1970 kamati ya waliorejea, wenye kupinga vita vya Vietnam, ilizitwaa ofisi za Peace Corps katika mji ule ule, wakapeperusha dirishani bendera ya wapiganaji wa Kivietinamu. Sisemi kwamba mkutano mmoja zaidi ungaliwazuia.

Sasa na tugeuke tujitazame wenyewe, kwa maana zimepita zama ambazo Afrika ya Mashariki ilikuwa mahali pa kupelekewa watu tu. Mpango wa watu wa kujitolea wa Umoja wa Mataifa, ulioasisiwa na Baraza Kuu Desemba 1970 na wenye makao yake Bonn tangu 1996, una Wakenya, Watanzania na Waganda katika orodha zake, na wengi wao wametumikia nchi zenye taabu kubwa kuliko zetu. Umoja wa Afrika ulipopeleka waganga na wauguzi Liberia na Sierra Leone wakati ule wa Ebola, walikuwamo wa kwetu. Vijana hawa wanarudi. Wanashuka Kipawa, Embakasi na Entebbe na mabegi yao, na swali la kwanza wanalokutana nalo, kabla hata ya pole na safari kukamilika, ni wametuletea nini. La pili huja kwenye usaili wa kazi, pale mwajiri anapoishika karatasi na kuuliza miaka hii miwili ulikuwa wapi, kwa sauti ya mtu amwulizaye mwenzake habari za kifungo.

Namfahamu mkunga mmoja wa Tanga aliyetumikia Sudan Kusini, katika wodi ya wazazi iliyohudumia watu waliokimbia makwao. Huko alijifunza kuizuia damu ya mzazi gizani jenereta ilipozimika, kuamua nani ahudumiwe kwanza pasipo kumvunjia heshima yule wa pili, na kumtuliza mwanamke ambaye hawana lugha moja ya kuelewana kwa kutumia mkalimani wa miaka kumi na miwili, binti wa mgonjwa wa kitanda cha jirani. Aliporudi, hospitali iliyompokea ilimrejesha kwenye ngazi aliyoiacha, nyuma ya wenzake waliopanda katika muda ule ule kwa sababu tu hawakuondoka, na miaka yake ya Sudan Kusini haikuandikwa popote katika jalada lake. Nilipomwuliza kama wakunga wenziwe wamemtaka awafundishe lolote, alicheka akasema kwamba wamemwuliza kama ni kweli mshahara hulipwa kwa dola.

Wala hatuwezi kujitetea kwamba hatujui kupokea. Watu wa pwani wanajua mno. Haji anaporudi kutoka Maka nyumba yake huwa wazi. Majirani na akraba huja kwa zamu, wakaketi, wakagaiwa tende na maji ya Zamzam kidogo kidogo, wakaombewa dua, na katika kuketi huko mwenyeji husimulia joto la Arafa, msongamano wa Mina, mtu wa Indonesia aliyemshika mkono alipokaribia kuanguka. Na hamna anayemkatiza, maana kumsikiliza kwenyewe kwahesabiwa kuwa na baraka. Mgonjwa asiyeweza kwenda huja kusikia, mtoto huja kusikia, na anayetia nia ya kwenda mwakani huuliza bei, viatu na mahali pa kulala. Najua kwamba ibada na kazi ya kujitolea si mamoja, wala sitaki kuyalinganisha kwa thawabu. Nataka tu kuonyesha kwamba desturi ipo, mikeka ipo, na ada ya kumwacha arudiye aseme mpaka amalize si jambo la kuletewa na wataalamu kutoka ng'ambo. Wazee walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, nao hawakuwa na shaka kwamba humo ngamani mtakuwa na watu.

Watakuwapo wa kunipinga. Mmoja atasema kwamba aliyekwenda alikwenda kwa hiari yake, hakutumwa na mtu, na hana anachotudai. Nami nakubali kwamba yeye hatudai, lakini sisi ndio wenye hasara, maana ujuzi ule umegharimiwa na wengine na umeletwa mlangoni petu bure. Mwingine atasema, na huyu ana hoja nzito zaidi, kwamba waliorudi huchosha. Ni kweli. Yuko yule ambaye kila kikao hukigeuza kuwa mlinganisho, ambaye foleni ya benki humkumbusha utaratibu wa Bonn na shimo la barabarani humkumbusha Kigali, na mwenye ghururi ya aina hii hupoteza wasikilizaji kwa haki kabisa. Lakini nimeona kwamba mtu hujivuna hivyo zaidi anapoulizwa vibaya. Swali pana huzaa jibu la majivuno au la kimya. Mwulize wanawake wa kambini walikuwa wakiteka maji saa ngapi na nani alikuwa akiwalinda. Mwulize ugomvi wa zamu ulikuwa ukiamuliwa na nani. Mwulize dawa zilipokwisha walifanyaje mpaka zikaja nyingine. Hapo hana nafasi ya kujisifu, kwa kuwa lazima akumbuke, na akumbukaye kwa utaratibu hufundisha.

Kwa hiyo yako mambo ambayo mimi ningependa yafanywe, na hayahitaji fungu jipya la bajeti. Tume za utumishi wa umma ziihesabu miaka ya kujitolea, ikithibitishwa kwa barua ya waliomtumia mhusika, kuwa ni miaka ya kazi, katika ajira na katika kupandishwa vyeo. Hilo ni suala la waraka mmoja. Shule za sekondari ziwaite waliorejea waje kuzungumza na wanafunzi wakati uzoefu ungali mbichi, si baada ya miaka mitano kwenye mahafali. Magazeti, na hili letu likiwa la kwanza kulaumiwa, yaache kumwandika kijana siku ya kuondoka tu, akipunga mkono uwanja wa ndege, kisha yakamsahau arudipo. Na mkuu wa kazi aliyempata mtu wa namna hii amkalishe chini katika juma la kwanza, akiwa na daftari. Hospitali anayofanya kazi yule mkunga ina kikao cha mafunzo kila Alhamisi asubuhi, ambapo mara nyingi mtu hutolewa mbali, kwa posho na nauli, kuja kuwasomea wauguzi mambo yaliyomo vitabuni. Alhamisi ijayo, nimeambiwa, bado haijapata msemaji.